Chipukizi wa NHL: yupi atakupa pointi msimu wake wa kwanza?

Kwenye fantasi ya hoki ya barafu, chipukizi ndiye mchezaji anayechukuliwa mapema kuliko anavyostahili karibu kila msimu. Jina lake limevuma tangu akiwa shuleni, video zake zimezunguka kote, na takwimu zake za ligi ya vijana zinatisha: pointi 143 kwa mechi 57, pointi 112 kwa mechi 52. Halafu msimu unaanza, na vijana wawili wenye takwimu hizo wanaachana njia panda. Wa kwanza, Connor Bedard, alimaliza msimu wake wa kwanza NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, na pointi 61. Wa pili, Alexis Lafrenière, alimaliza na 21. Wote wawili walikuwa namba moja kwenye drafti (zoezi la kila mwaka la timu za NHL kuchagua vijana), Lafrenière mwaka 2020 na Bedard mwaka 2023.

Ulinganisho huu ni wa Mnairobi ambaye tayari anasimamia timu ya fantasi ya EPL kila wikendi na sasa anataka kujaribu ya NHL, pengine baada ya kuwaona Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya, wakiteleza pale Panari, Mombasa Road. Mazoea ya EPL yatakusaidia kwa mambo mengi ila moja: huku bao lina thamani sawa na pasi. Bao ni pointi moja, pasi ya bao ni pointi moja, na bao moja linaweza kuandikiwa watu wawili waliogusa kisahani (kinachochezwa badala ya mpira) kabla ya mfungaji. Kwa hiyo anayecheza pembeni ya mfungaji hatari huvuna karibu sawa na mfungaji mwenyewe. (Ligi nyingi za fantasi huongeza pointi za mikwaju inayolenga lango na za pawaplei, yaani dakika mnazocheza mkiwa wengi kuliko mpinzani aliyeadhibiwa, kwa hiyo soma kanuni za ligi yako kabla ya kuchagua mtu yeyote.)

Tuanze na hesabu. Chukua pointi alizopata kijana kwa kila mechi kwenye ligi aliyotoka, uzilinganishe na pointi kwa kila mechi kwenye msimu wake wa kwanza NHL. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza unapata uwiano, yaani sehemu ya makali yake iliyovuka bahari au mpaka pamoja naye.

| Mchezaji | Alikotoka | Pointi/mechi huko | Msimu wa kwanza NHL | Pointi/mechi NHL | Uwiano |
|---|---|---|---|---|---|
| Connor McDavid | OHL, 120 kwa 47 | 2.55 | 48 kwa 45 | 1.07 | 0.42 |
| Connor Bedard | WHL, 143 kwa 57 | 2.51 | 61 kwa 68 | 0.90 | 0.36 |
| Alexis Lafrenière | QMJHL, 112 kwa 52 | 2.15 | 21 kwa 56 | 0.38 | 0.17 |
| Macklin Celebrini | NCAA, 64 kwa 38 | 1.68 | 63 kwa 70 | 0.90 | 0.53 |
| Jack Eichel | NCAA, 71 kwa 40 | 1.78 | 56 kwa 81 | 0.69 | 0.39 |
| Adam Fantilli | NCAA, 65 kwa 36 | 1.81 | 27 kwa 49 | 0.55 | 0.31 |
| Elias Pettersson | SHL ya Uswidi, 56 kwa 44 | 1.27 | 66 kwa 71 | 0.93 | 0.73 |
| Leo Carlsson | SHL ya Uswidi, 25 kwa 44 | 0.57 | 29 kwa 55 | 0.53 | 0.93 |
| Kaapo Kakko | Liiga ya Finland, 38 kwa 45 | 0.84 | 23 kwa 66 | 0.35 | 0.41 |
| Artemi Panarin | KHL ya Urusi, 62 kwa 54 | 1.15 | 77 kwa 80 | 0.96 | 0.84 |
| Kirill Kaprizov | KHL ya Urusi, 62 kwa 57 | 1.09 | 51 kwa 55 | 0.93 | 0.85 |
| Matvei Michkov | KHL ya Urusi, 41 kwa 47 (Sochi) | 0.87 | 63 kwa 80 | 0.79 | 0.90 |

Angalia safu ya mwisho. Waliotoka KHL walibaki na zaidi ya asilimia 80 ya kasi yao. Waliotoka ligi tatu za vijana za Kanada (OHL, WHL na QMJHL) walibaki na chini ya nusu, na hao ni vijana walioteuliwa namba moja! Sababu yake haina fumbo. Ligi za Kanada ni za vijana wa miaka 16 hadi 20, wengi wao wakiwa hawatacheza NHL hata siku moja, na kipa anayesimama langoni naye ni mwanafunzi. KHL na SHL ni ligi za watu wazima: beki wa miaka 30 anayekubana ubaoni huko hana tofauti kubwa na yule utakayekutana naye Boston au Chicago. Pointi mbili kwa mechi kwenye ligi ya vijana ni kama muda wa mkimbiaji aliyekuwa akiteremka mlima Ngong. Saa haidanganyi, mteremko ndio uliomsaidia.

NCAA, ligi ya vyuo vikuu vya Marekani, iko katikati. Wachezaji wake wengi wana miaka 18 hadi 24, ni wakubwa wa mwili kuliko wale wa Kanada, lakini ratiba ni fupi na mechi huchezwa zaidi wikendi. Hapo ndipo jedwali linapokuwa gumu kusoma: Celebrini alibeba 0.53, Fantilli 0.31. Kuna jambo jingine la kuzingatia unapotumia namba za zamani za NCAA. Kuanzia msimu wa 2025-26 vyuo vinaruhusiwa kuchukua wachezaji waliocheza ligi za vijana za Kanada, jambo lililokuwa marufuku. Gavin McKenna, aliyepata pointi 129 kwa mechi 56 akiwa Medicine Hat ya WHL, alihamia chuo cha Penn State kwa mlango huo. Ligi imepata vipaji zaidi, kwa hiyo pointi moja ya NCAA ya sasa inastahili kupewa uzito zaidi kidogo kuliko ya mwaka 2015.

Tahadhari moja juu ya KHL kabla hujakimbilia Warusi wote. Waliovuka ni wale waliokuwa bora kabisa kwao, na Panarin na Kaprizov walifika wakiwa wanaume kamili: Panarin alianza NHL akikaribia miaka 24, Kaprizov akiwa na 23. Ukipata mchezaji wa KHL wa kawaida, uwiano utashuka. Makadirio yanayokubalika kwetu ni haya: KHL zidisha kwa 0.75 hadi 0.85, SHL kwa 0.55 hadi 0.7, Liiga kwa 0.4 hadi 0.5, NCAA kwa 0.35 hadi 0.5 kwa nyota tu. Ligi za vijana za Kanada kwa 0.3 hadi 0.35 kama ni namba moja au mbili wa drafti, na 0.2 hadi 0.25 kwa wengine. Carlsson na 0.93 yake asikudanganye. Pointi 25 za SHL akiwa na miaka 17 na 18 zilikuwa ndogo kwa sababu alikuwa mtoto aliyepewa dakika za mtoto. Ukianzia chini, uwiano hupanda kirahisi.

Bedard au Lafrenière: kilichowatenganisha

Kipaji peke yake hakielezi pengo la pointi 40. Bedard aliingia Chicago timu ikiwa imevunjwa ijengwe upya. Hakukuwa na mtu mbele yake. Usiku wa kwanza alianza kama senta wa laini ya kwanza (washambuliaji watatu wanaotegemewa zaidi) na akakaa kwenye pawaplei ya kwanza mpaka mwisho wa msimu.

Lafrenière aliingia New York Rangers kama winga wa kushoto. Mbele yake upande huohuo walikuwepo Artemi Panarin na Chris Kreider. Pawaplei ya kwanza ilikuwa ya Panarin, Kreider, Zibanejad, Strome na beki Adam Fox. Hapakuwa na kiti. Juu ya hayo, msimu wa 2020-21 ulianza Januari, ukakatwa kuwa mechi 56, na haukuwa na mechi za kirafiki za kujipima. Kijana wa miaka 19 aliyekaa miezi kumi bila mechi rasmi ya klabu alitupwa moja kwa moja mjini.

Swali la kwanza basi, kabla ya kugusa takwimu yoyote, ni hili: nani anacheza nafasi yake kwenye timu hiyo, na ana mkataba wa mpaka lini? Fungua ukurasa wa kikosi uhesabu. Akiwa wa tatu kwenye foleni, punguza makadirio yako kwa theluthi, hata kama ni namba moja wa drafti.

Pawaplei ni nusu ya kesi

Pawaplei ni zile dakika ambazo mpinzani amepeleka mtu kwenye kibanda cha adhabu, kwa kawaida dakika mbili, na mnacheza watano dhidi ya wanne. Kila timu ina vikosi viwili vya kazi hiyo, na kikosi cha kwanza huchukua zaidi ya nusu ya muda, mara nyingi dakika moja na nusu kati ya hizo mbili. Kinachobaki cha pili ni masalio: kisahani kimeshatolewa nje ya eneo, watu wanabadilishana, na aliyeadhibiwa anakaribia kutoka.

Kwa mfungaji mzuri, karibu theluthi ya pointi zake hutoka humo. Kijana anayecheza dakika 15 bila pawaplei ya kwanza ana dari ya pointi 35 hadi 40, hata awe na mikono ya dhahabu. Anayecheza dakika 18 akiwa nayo ana njia ya kufika 60. Ukitaka kigezo kimoja tu cha haraka, chukua hiki. Waandishi wanaofuata timu huandika mpangilio wa laini na pawaplei baada ya mazoezi ya asubuhi ya siku ya mechi, ambayo kwa saa za Nairobi ni jioni, wakati watu wako kwenye matatu wakirudi nyumbani.

Matthews au Laine: mfungaji na bahati

Drafti ya 2016 ilitoa jozi nzuri ya kujifunzia. Auston Matthews alifunga mabao 40 na kumaliza na pointi 69 kwa mechi 82. Patrik Laine alifunga 36, pointi 64 kwa mechi 73. Kwa kila mechi Laine alimzidi kidogo. Ila Matthews alipiga mikwaju 279 iliyolenga lango, Laine 204. Asilimia 14.3 ya mikwaju ya Matthews iliingia. Ya Laine 17.6. Laine ana mkwaju wa aina yake, lakini kwa wachezaji wengi asilimia inayozidi 15 hushuka msimu unaofuata, ilhali wingi wa mikwaju hubaki. Alexander Ovechkin alipiga 425 msimu wake wa kwanza, 2005-06, akafunga 52. Ukilinganisha chipukizi wawili wenye mabao sawa, mchukue aliyepiga zaidi.

Na usishtuke na wiki ya kwanza. Matthews alifunga mabao manne kwenye mechi yake ya kwanza kabisa, Oktoba 2016 dhidi ya Ottawa (na timu yake ikapoteza!), kisha baadaye kidogo akakaa mechi 13 bila bao. Waliomuuza wakati huo walilia hadi Aprili.

Mechi atakazocheza

Hapa ndipo makadirio mengi huharibikia. Watu huzidisha kwa 82. McDavid alivunjika mfupa wa mtulinga Novemba 2015 akacheza 45. Bedard alivunjika taya Januari 2024, akakosa 14. Fantilli alikatwa mguuni na kiatu cha barafu mwezi huohuo na msimu ukaishia hapo, mechi 49. Celebrini aliumia nyonga kwenye mechi yake ya kwanza akakosa 12. Carlsson hakuumia tu. Anaheim walikuwa wakimpumzisha makusudi baadhi ya mechi mwanzoni ili mwili wake uzoee. Tumia 70 kwa kijana wa miaka 18 na 76 kwa mtu mzima aliyetoka Ulaya. Kuanzia 2026-27 msimu unarefuka kuwa mechi 84, hivyo ongeza mbili, si zaidi.

Kocha naye anaweza kumweka mtu jukwaani akiwa mzima kabisa. Michkov alikaa nje mechi mbili Novemba 2024 akiwa Philadelphia, kwa uamuzi wa kocha. Hakuna jeraha lililotangazwa, kwa hiyo asiyefuatilia habari za jioni alijikuta na sifuri.

Demidov au Misa: hesabu nzima kwa mfano

Tuseme unalinganisha vijana wawili waliokuwa wakitajwa sana kabla ya msimu wa 2025-26, kwa taarifa zilizokuwepo wakati huo tu.

Ivan Demidov wa Montreal: pointi 49 kwa mechi 65 akiwa SKA ya KHL, yaani 0.75. Zidisha kwa 0.8 upate 0.60, kwa mechi 76 ni pointi 46. Sasa rekebisha. Dakika zake SKA zilikuwa chache, jambo ambalo linapandisha thamani ya kila pointi. Alicheza mechi mbili za NHL Aprili 2025, akafunga bao na kutoa pasi kwenye ya kwanza, na kwa sababu zilikuwa mbili tu bado alihesabiwa chipukizi. Montreal ilikuwa na wafungaji wa kupokea pasi zake na nafasi kwenye pawaplei haikuwa imefungwa. Panda hadi 50 au 55.

Michael Misa wa San Jose: pointi 134 kwa mechi 65 Saginaw ya OHL, yaani 2.06. Kwa namba mbili wa drafti tumia 0.3: 0.62. Kwa mechi 70, ni 43. Rekebisha: ni senta, na mbele yake walikuwepo Celebrini na Will Smith. Tena alikuwa na miaka 18 na alitoka OHL, kwa hiyo timu ilikuwa na uamuzi wa kufanya kabla ya mechi ya kumi. Mchezaji wa umri huo aliyetoka ligi za Kanada hupewa hadi mechi tisa. Akicheza ya kumi, mwaka wa kwanza wa mkataba wake umeanza kuliwa. Akirudishwa OHL, kwako hana pointi mpaka mwakani. Shuka hadi 30 au 35, na umchukue mwisho kabisa.

Kwa msimu mmoja, Demidov bila kusita. Kwa ligi ambayo unabaki na wachezaji wako mwaka hadi mwaka, pengo linapungua sana, na Misa anaweza kuwa bei nafuu. Jack Hughes alipata pointi 21 tu kwa mechi 61 msimu wake wa kwanza, 2019-20; mwaka 2022-23 akapata 99.

Jambo la umri linastahili neno, maana linawapa watu chipukizi wasiowatarajia. Kombe la Calder, la chipukizi bora, linamruhusu yeyote ambaye hajafika miaka 26 kufikia tarehe 15 Septemba ya msimu huo. Kanuni hiyo iliwekwa baada ya Sergei Makarov kulitwaa mwaka 1990 akiwa na miaka 31 na uzoefu mrefu wa Umoja wa Kisovieti. Michael Bunting alitimiza miaka 26 tarehe 17 Septemba 2021, siku mbili baada ya mstari, akacheza pembeni ya Matthews huko Toronto, na akaongoza chipukizi wote msimu wa 2021-22 kwa pointi 63. Drafti za fantasi nyingi zilimpita kwa sababu hakuna aliyekuwa akimwita kijana. Kila Septemba tafuta mtu wa aina hiyo: miaka 23 hadi 25, ametoka Ulaya au ligi ya chini, na amepangwa na nyota.

Mabeki ni habari fupi. Beki chipukizi wa kawaida ana pointi 15 hadi 25 na hafai kuchukuliwa. Anayefaa ni yule aliyekabidhiwa pawaplei ya kwanza: Cale Makar alipata 50 kwa mechi 57 mwaka 2019-20, Quinn Hughes 53 kwa 68 msimu huohuo, Lane Hutson 66 kwa 82 mwaka 2024-25, ambapo 60 zilikuwa pasi za mabao. Hutson alichaguliwa wa 62 kwenye drafti ya 2022 kwa sababu ya umbo lake dogo, na alitwaa Calder mbele ya Celebrini na Michkov. Kama beki hana pawaplei, achana naye.

Mwisho ni saa. Mechi nyingi za mashariki mwa Marekani huanza saa nane usiku kwa saa za Nairobi mwezi Oktoba, na saa tisa usiku baada ya wao kurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Za magharibi huanza saa kumi na moja alfajiri, baadaye saa kumi na mbili asubuhi. Kikosi chako hufungwa mechi inapoanza, na taarifa za aliyeachwa nje hutoka hadi dakika za mwisho ukiwa umelala. Panga kikosi kabla ya kulala, na kwenye nafasi ya chipukizi mwenye shaka weka mtu wa uhakika anayecheza mashariki. Yule wa California unaweza kumbadilisha ukiamka mapema kabla ya foleni ya Thika Road.